"Uteuzi Asilia": Istilahi Inayomweka Mwanadamu Nje ya Mlango

Chanzo cha hoja

Hivi karibuni ililetwa mezani petu rasimu ya makala ya sayansi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, ili tuzikague istilahi zake kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Mfasiri alikuwa hodari, na kazi yake kwa jumla ilikuwa safi. Lakini katika ukurasa wa pili tulikutana na sentensi hii: "Mwanadamu wa leo hayumo tena katika uteuzi asilia, kwa kuwa maisha yake yanaongozwa na utamaduni." Tulipoilinganisha na matini iliyofasiriwa, tuliona kwamba mwandishi wa kwanza hakusema hivyo hata kidogo. Yeye alikuwa akieleza jinsi ambavyo utamaduni na jamii huishika nguvu hiyo na kuielekeza, mara nyingine kwa kuiongeza makali na mara nyingine kwa kuilegeza.

Mfasiri huyu hakuwa mvivu, wala hakushindwa na sarufi. Alipotoshwa na istilahi aliyopewa. Alilisoma neno "asilia", akalielewa kama msemaji yeyote wa Kiswahili alielewavyo, kisha akaisahihisha matini ili ipatane na neno. Istilahi ikimfikisha mtu mwangalifu katika kosa la namna hiyo, haitoshi kumsahihisha mtu. Inafaa istilahi yenyewe iitwe mbele na kuulizwa maswali.

Katika makala haya, basi, tunakusudia kuhakiki istilahi "uteuzi asilia" pamoja na ndugu zake wawili wanaoonekana katika maandishi, yaani "uchaguzi asilia" na "uchaguzi wa maumbile". Tutazipima kwa mifano ya kweli ya kazi ya jamii katika mabadiliko ya viumbe, kisha tutatoa pendekezo letu na kutaja kasoro zake. Hatutajadili imani ya mtu juu ya asili ya viumbe. Kazi ya mwanaistilahi ni kuhakikisha kwamba anayekubali nadharia na anayeikataa wote wawili wanaizungumzia nadharia ileile.

Dhana yenyewe

Dhana hii ilielezwa na Charles Darwin katika kitabu alichokitoa mwaka 1859. Imesimama juu ya mafiga matatu. Kwanza, viumbe wa jinsi moja hawafanani kabisa. Wana tofauti ndogo ndogo. Pili, baadhi ya tofauti hizo hurithiwa. Tatu, katika mahali fulani na wakati fulani, wenye tofauti za namna moja huacha watoto wengi zaidi wanaosalia na kuzaa kuliko wenzao. Mambo haya matatu yakikutana, tofauti ile huenea kizazi baada ya kizazi, mpaka jinsi yote ikabadilika sura.

Msomaji aangalie kwamba katika mafiga hayo matatu hapana hata moja linalosema kuwa sababu ya kuzidiana kwa watoto ni lazima itoke nje ya mikono ya watu. Inaweza kuwa baridi, ukame, chui au maradhi. Vilevile inaweza kuwa jembe, chungu cha kupikia, zizi la ng'ombe, dawa ya hospitali au bei ya pembe za ndovu sokoni. Dhana haibagui. Kinachobagua ni jina tuliloipa.

Neno la kwanza: uteuzi

Tuanze na neno la kwanza. Kitenzi "kuteua" kina mwenyewe. Rais huteua mawaziri, bodi huteua mkurugenzi, na kila msomaji wa magazeti anajua maana ya "mamlaka ya uteuzi". Palipo na uteuzi pana mteuzi, na mteuzi ana nia. "Uchaguzi" nao haujambo zaidi: masikioni mwa wengi neno hilo huleta picha ya masanduku ya kura na foleni za asubuhi. Ama "uchaguzi wa maumbile", hilo lina tatizo jingine la kisarufi. Tukisema "uchaguzi wa wabunge", wabunge ndio wanaochaguliwa. Je, katika "uchaguzi wa maumbile", maumbile ndiyo yanayochagua au ndiyo yanayochaguliwa? Kiambishi cha uhusiano hakitupi jibu, na neno "maumbile" lenyewe limetokana na "kuumba", ambalo linamtaka muumbaji.

Ni haki kusema kwamba kosa hili si letu peke yetu. Darwin mwenyewe alilipata. Aliazima neno lake kutoka kwa wafugaji, watu wanaochagua dume na jike wa kuzalisha. Yeye mwenyewe alifuga njiwa na kuingia katika vyama vya wafuga njiwa vya London, na sura ya kwanza ya kitabu chake inahusu wanyama na mimea ya kufugwa na kupandwa. Kwa hiyo neno lililokusudiwa kueleza kazi isiyo na mwenyewe lilitoka katika kazi yenye mwenyewe. Wasomaji wake walilalamika mapema. Mwaka 1860, katika barua aliyomwandikia mwanajiolojia Charles Lyell, Darwin alikiri kwamba kama angeanza upya angetumia neno lenye maana ya kuhifadhi badala ya kuchagua. Mwaka 1866 Alfred Russel Wallace, aliyeifikia nadharia hiyo kwa njia yake mwenyewe, alimwandikia akimsihi aliache neno lile kwa sababu watu walikuwa wakidhani kuna mtu anayechagua. Alimshauri achukue msemo wa Herbert Spencer juu ya kusalia kwa wanaofaa zaidi. Darwin aliuingiza msemo huo katika toleo la tano la mwaka 1869, ingawa neno lake la kwanza hakuliacha.

Twajifunza nini katika habari hii? Twajifunza kwamba tulipofasiri neno kwa neno, tuliazima pamoja na dhana hata jeraha ambalo mwenyewe alikuwa akilitafutia dawa.

Neno la pili: asilia

Neno la pili lina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hatari yake haionekani haraka. Watetezi wake watasema: je, hatuna "maliasili"? Katika neno hilo "asili" si ndiyo dunia isiyoumbwa na mtu? Ni kweli, na hapo ndipo penye ushahidi wetu. Katika jiografia "uoto wa asili" ni uoto ambao haukupandwa na mtu, na "msitu wa asili" hutofautishwa na msitu wa kupandwa. Hivyo katika lugha ya sayansi tumekwisha kulipa neno hili kazi maalumu: asili ni pale ambapo mkono wa mtu haujafika. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo katika somo moja hawezi kulaumiwa akiipeleka maana hiyo katika somo jingine.

Zaidi ya hayo, neno hili lina maana nyingine zinazovutana. Katika kazi yetu ya tafsiri, "matini asilia" ni matini ya mwanzo. Dawa za asili ni dawa za jadi, yaani sehemu ya utamaduni wenyewe. Basi msomaji mmoja ataelewa kwamba uteuzi asilia ni ule wa zamani, uliokuwapo mwanzo kisha ukakoma. Mwingine ataelewa kwamba ni ule wa porini, usiomhusu mtu wa kijijini wala wa mjini. Wote wawili wataishia kwenye sentensi ya mfasiri wetu: utamaduni ukiingia kwa mlango huu, uteuzi asilia hutoka kwa mlango ule.

Mizani ya mifano

Istilahi haipimwi katika orodha. Hupimwa ndani ya sentensi, inapobebeshwa mzigo wa ukweli. Kwa hiyo tumechagua mifano minne inayojulikana vizuri kwa wataalamu, na mingi kati yake inatoka katika pembe yetu hii ya dunia.

Mfano wa kwanza ni maziwa. Mtoto mchanga humeng'enya sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho laktasi. Kwa wanyonyeshao wengi, na kwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani, kimeng'enya hicho hupungua baada ya utoto, na maziwa mabichi huweza kuwasumbua tumboni. Wengine hubaki nacho maisha yao yote. Mwaka 2002 wachunguzi wa Finland waliitambua tofauti ya jeni inayohusika na jambo hilo kwa watu wa Ulaya. Mwaka 2007 wachunguzi walioongozwa na Sarah Tishkoff walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waliona kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana tofauti nyingine, isiyotokana na ile ya Ulaya, nayo ilienea katika miaka elfu chache tu iliyopita, baada ya ufugaji kuingia. Yaani watu wa mabara mawili, bila kuambiana, walifikia jambo lilelile kwa njia mbili za jeni, kwa sababu wote walikuwa na zizi na kibuyu cha maziwa.

Lakini jambo hili lina upande wa pili. Wafugaji wa Mongolia hula vyakula vingi vya maziwa, na hata hivyo wengi wao hawana kimeng'enya hicho utu uzimani. Wao huyachachusha maziwa kwanza, na kuchacha hupunguza laktosi, kama ilivyo kwa mtindi wetu. Hapo ufundi wa jikoni umefanya sehemu ya kazi ambayo kwingine ilifanywa na damu. Tena uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba huko Ulaya watu walitumia maziwa kwa maelfu ya miaka kabla jeni hiyo haijawa ya kawaida, na wachunguzi walitoa hoja kwamba njaa na maradhi ndivyo vilivyozidisha makali. Desturi, basi, haifanyi kazi peke yake. Hushikana na shida za mahali.

Mfano wa pili ni selimundu. Tutaje kwa furaha kwamba hii ni istilahi iliyofanikiwa: seli yenye umbo la mundu, neno fupi, la wazi, linalotamkika kijijini na hospitalini. Mtoto anayerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa mzito. Anayeirithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haugui ugonjwa huo, na hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1949, na matokeo yake aliyachapisha mwaka 1954. Aliona kwamba jeni hiyo ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, penye malaria ya kudumu, na ni chache katika nyanda za juu na sehemu kame.

Mwaka 1958 Frank Livingstone aliongeza hatua moja kubwa. Akichunguza Afrika Magharibi, alieleza kwamba kuenea kwa jeni hiyo kumefungamana na kuenea kwa kilimo. Watu walipokata misitu ili kulima, walifungua ardhi kwa jua na kuacha vidimbwi, na mbu aenezaye malaria hupenda kutaga katika maji ya namna hiyo. Vijiji vilivyotulia mahali pamoja vilimpa mbu damu ya karibu. Hivyo mkulima, pasipo kujua, alijenga mazingira yaliyomfanya mwenye jeni moja ya selimundu aishi pale mwenzake alipokufa. Na mahali ambapo malaria imeondolewa, kama Marekani ilivyoiondoa kufikia mwaka 1951, faida hiyo hupotea na hasara tu ndiyo inayobaki. Jembe liliufungua mlango, na kazi ya afya ya umma huweza kuufunga.

Mfano wa tatu unahusu vimelea vya malaria vyenyewe. Klorokwini ilitumiwa kwa miaka mingi mpaka vimelea vilivyoweza kuistahimili vikawa vingi. Malawi iliiacha mwaka 1993, na Tanzania Bara iliiacha kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001. Huko Malawi vimelea sugu vilipungua baada ya dawa kuachwa, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba karibu watoto wote waliotibiwa tena kwa klorokwini walipona. Hapa uamuzi wa wizara ndio uliobadili ni vimelea vipi vitaacha uzao mkubwa zaidi.

Mfano wa nne ni wa tembo wa Gorongosa, nchini Msumbiji. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia mwaka 1977 hadi 1992, tembo waliuawa kwa ajili ya pembe, hata idadi yao ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba majike wasio na pembe waliongezeka kutoka asilimia 18.5 hadi asilimia 50.9. Walionusurika walikuwa wale ambao mwenye bunduki hakuwa na haja nao, nao wakawarithisha binti zao hali hiyo.

Sasa tuipe istilahi yetu mzigo huu. "Uteuzi asilia ulioletwa na ujangili." "Uteuzi asilia uliotokana na kilimo." "Uteuzi asilia uliobadilishwa na agizo la wizara." Kila sentensi inajipinga yenyewe. Msomaji atasimama kwenye kila moja na kuuliza: kama ni wa ujangili, uasilia uko wapi? Hapo mwandishi atalazimika kuongeza maelezo ya mistari mitatu ili kuliponya neno moja. Istilahi inayohitaji mganga kila inapotoka nje si istilahi njema.

"Mwenye nguvu mpishe"

Pengine msomaji atasema kwamba tunashughulikia jambo dogo. Sivyo. Jina baya la dhana hii limeacha alama katika fikra za watu.

Tulipokuwa shuleni, mwalimu wetu mmoja aliyekuwa mwema kwetu alitaka kutueleza somo hili kwa Kiswahili, maana Kiingereza cha kitabu kilikuwa kigumu. Alisema: "Ni kama wahenga walivyonena, mwenye nguvu mpishe." Tuliandika hivyo madaftarini, na wengi wetu tuliondoka tukiamini kwamba sayansi imethibitisha haki ya mkubwa kumkanyaga mdogo. Ni baadaye sana tulipofahamu kwamba fikra ya namna hiyo iliwahi kutumiwa Ulaya kuhalalisha ubaguzi na utawala wa kikoloni, kwa madai kwamba aliyeshinda ameteuliwa na asili yenyewe. Tukaona kwamba sisi wenyewe, wajukuu wa waliotawaliwa, tulikuwa tumeinakili hoja hiyo kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu hakuwa na neno la kumsaidia. "Uteuzi" ulimpa picha ya aliyeteuliwa na aliyekataliwa, na "asilia" ilimwambia kwamba hukumu hiyo haina rufaa. Lakini mifano yetu inasema kinyume. Tembo mwenye pembe kubwa ndiye mwenye nguvu porini, na ndiye aliyekufa kwanza. Kufaa si nguvu. Kufaa ni kupatana na mahali na wakati, na mahali hapo mara nyingi pametengenezwa na watu.

Mtu anayeumizwa zaidi na kosa hili ni mzazi wa mtoto mwenye selimundu. Akisoma kijitabu cha afya kinachoeleza ugonjwa huo kwa "uteuzi asilia", anaweza kuelewa kwamba asili imemkataa mwanawe, au kwamba damu ya ukoo wake ina dosari ya tangu mwanzo. Ukweli ni kwamba jeni hiyo iliwalinda mababu zake katika vijiji vyenye malaria, vijiji ambavyo kilimo kilisaidia kuvifanya viwe hivyo. Anachokibeba mtoto yule ni gharama ya ulinzi uliowaponya wengi. Mzazi anastahili kuambiwa habari hiyo kwa maneno yasiyomfunga kwenye lawama.

Pendekezo letu

Baada ya kupima mambo hayo, tunapendekeza istilahi "mchujo wa vizazi". Sababu zetu ni nne.

Kwanza, chujio halina nia. Kifumbu cha kuchujia tui hakiamui machicha yapi yabaki. Ukubwa wa matundu yake ndio unaoamua. Ndivyo ilivyo katika dhana hii: wanaopita hupita kwa sababu ya umbo lao na la tundu.

Pili, na hili ndilo kubwa, chujio linaweza kusukwa na yeyote. Ukame huweza kulisuka, na watu pia huweza kulisuka. Kifumbu husukwa kwa mikono ya watu, na msukaji hajui kila chembe itakayopita. Kwa picha hii tunaweza kusema pasipo kujikwaa: "Ufugaji ulibadili mchujo wa vizazi." "Ujangili uliongeza makali ya mchujo." "Mtindi uliulegeza mchujo." Jamii haitoki nje ya mlango. Imo ndani, mikono yake ikiwa kazini.

Tatu, neno "vizazi" linaonyesha jambo linalofanyika: kazi haikamiliki kwa mtu mmoja wala kwa siku moja, bali huenda kwa kuzaliwa na kufa, kizazi baada ya kizazi. Tena hapa kiambishi cha uhusiano hakina utata uliokiponza "uchaguzi wa maumbile". Katika "mchujo wa wagombea" wagombea ndio wanaochujwa. Katika "mchujo wa vizazi" vizazi ndivyo vinavyochujwa, nayo ndiyo maana tunayoitaka.

Nne, mzizi huu unanyumbulika: kuchuja, kuchujwa, chujio, mchujo mkali, mchujo hafifu, shinikizo la mchujo. Kadhalika, neno "uteuzi" litabaki na kazi yake halali pale penye mteuzi wa kweli. Mfugaji anayechagua dume la mbegu anafanya uteuzi, nasi tuuite "uteuzi wa wafugaji". Jike la ndege anayemchagua dume mwenye manyoya mazuri anafanya uteuzi, nasi tuuite "uteuzi wa wenza". Kwa njia hii Kiswahili kitapata mpaka ambao hata lugha iliyozaa istilahi hii haina.

Pingamizi na majibu

Haingekuwa haki kuwahakiki wengine na kujisamehe wenyewe.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mpaka huo una gharama. Darwin alikusudia kuonyesha kwamba kazi ya mfugaji na kazi ya mazingira ni ndugu, na kwa hiyo aliziita kwa neno moja. Tukizitenga kwa majina, tunaudhoofisha mfano wake. Tunakubali. Hata hivyo undugu unaweza kuelezwa katika aya moja ya kitabu, lakini jina baya humfuata msomaji katika kila aya.

Pingamizi la pili ni kwamba chujio hubakiza au huzuia tu, haliumbi kitu kipya, ilhali nadharia yasema kwamba mambo mapya hutokea. Hili nalo lina uzito. Jibu letu ni kwamba upya hutokana na tofauti zinazozuka katika urithi, na mchujo hufanya kazi juu ya tofauti hizo tena na tena. Mwalimu atalazimika kuyafundisha mafiga yote matatu. Hakuna istilahi inayomwondolea mwalimu kazi hiyo.

Pingamizi la tatu ni kwamba "mchujo" umezoeleka katika michezo na siasa, ambako pia pana waamuzi. Ni kweli kwamba vyama huchuja wagombea kwa makusudi. Lakini maana ya msingi ya kitenzi ni ya jikoni, na kila mtoto aliyewahi kumwona mama yake akichuja tui au chai anaijua. Neno "uteuzi" halina jikoni la kurejea.

Pingamizi la nne ndilo gumu kuliko yote: "uteuzi asilia" umekwisha kuenea, na wahenga walisema mkataa wengi mchawi. Nasi hatupendi kuvuruga mazoea kwa kupenda upya. Istilahi ikibadilishwa kila mwaka, waandishi huchoka, na wakichoka hurudi kwenye Kiingereza. Hata hivyo, somo la biolojia katika sekondari zetu bado hufundishwa kwa Kiingereza, na istilahi hii ya Kiswahili inatumika zaidi katika magazeti, redio, vijitabu vya afya na tafsiri. Haijapiga mizizi ya kushindikana kung'olewa. Wakati wa kusahihisha ni sasa, kabla haijaingia katika mitaala na kukaririwa na maelfu.

Hitimisho

Tumeona kwamba istilahi tuliyo nayo inakosea mara mbili: neno lake la kwanza linaleta mteuzi asiyekuwapo, na neno lake la pili linamtoa mwanadamu aliyepo. Kosa la kwanza tulilirithi, ila la pili ni letu. Lilitokana na kulichukua neno "asilia" kana kwamba halina historia katika Kiswahili, hali lina uoto wake, misitu yake na dawa zake.

Mfasiri tuliyemtaja mwanzoni tulimrudishia rasimu yake na sentensi moja ya kumsaidia: "Utamaduni haumtoi mwanadamu katika mchujo wa vizazi, humfanya kuwa mmoja wa wasukaji wa chujio lake." Aliikubali, lakini aliuliza kama Baraza limekwisha kuidhinisha istilahi hiyo. Tulimjibu ukweli, kwamba bado, na kwamba pendekezo la afisa mmoja si usanifishaji. Kwa hiyo tunaiweka hoja hii mbele ya walimu wa biolojia, wauguzi, waandishi wa habari na wafasiri. Tunawaomba waijaribu ndani ya sentensi zao wenyewe, si katika orodha, kisha watuletee majibu. Wakiona chujio letu linavuja, tutalisuka upya pamoja nao.